Jibu la Papa Alphonse

Kazi ya Emérance katika ofisi ya afya ilikuwa kuwauliza watu mambo ambayo hakuna anayeyasema mbele ya mwenziwe. Wiki hiyo alizunguka mtaa wa Ngezi akiuliza juu ya mizizi ya maono, ile ambayo wachimbaji wa Mongbwalu huchemsha na kunywa ili waone, ati, mahali dhahabu ilipolala. Kusudi watu wasione haya, alibeba mfuko wa maharagwe. Unatumbukiza mkono, unatoa moja bila kumwonyesha yeyote, unalirudisha. Likiwa jeusi, unajibu "ndiyo" tu, hata kama ni uongo. Likiwa jeupe, unasema kweli. Hivyo hata Emérance mwenyewe hakujua "ndiyo" ipi ni ya kweli, na katika kila nyumba aliapa kutunza siri.

Papa Alphonse, aliyerudi kutoka Mongbwalu siku mbili kabla, alitoa haragwe, akajibu akiwa ndani ya blanketi, homa inamtetemesha. Juma hili amekunywa mizizi? "Ndiyo." Kisha akageukia ukuta. Emérance alimhurumia, akaondoka bila kumsomea karatasi ya maonyo juu ya mizizi.

Mkewe, Mama Anastasie, alimfuata hadi barabarani. Alikuwa amesikia jibu nyuma ya pazia.

"Dada, bwana yangu aliapa mbele ya pasta kama ameacha ile mizizi. Nimemuuliza sasa hivi. Anasema ni haragi nyeusi njo ilitoka. Inawezekana?"

"Inawezekana, mama."

"Basi, Mungu asifiwe. Naenda kumupatia kinini, iko na malaria."

Emérance alisita. Kinini juu ya ile mizizi huweza kuua. Hilo ndilo onyo la kwanza kwenye karatasi yake. Lakini mtu mwenyewe amekana, na haragwe jeusi ni haragwe jeusi. Akaendelea na safari.

Kwenye nyumba iliyofuata alifungua mfuko ayachanganye maharagwe. Meupe. Akamwaga yote kiganjani: meupe matupu. Asubuhi alikuwa ameyatenganisha ayahesabu, na meusi, mjinga yeye, aliyaacha kwenye kikombe ofisini. Papa Alphonse alimwambia yeye kweli, akamdanganya mkewe.

Alirudi mbio, vumbi linamjaa kinywani. Akisema, kiapo kimevunjika, na nani Ngezi atamfungulia tena mlango? Akinyamaza, je?

Aliingia bila kubisha. Alphonse alikuwa ameshika kikombe cha maji, tayari kitupu, shavu moja limevimba.

"Tema, papa! Mu mufuko hakukuwa haragi nyeusi hata moja."

Alphonse alimtazama mkewe kwanza. Kisha akatema vidonge viwili kiganjani, vimelowa lakini vizima.

"Uliniapia," alimwambia Emérance kwa sauti ndogo.

"Ni kweli, papa. Nilikuapia."

Mama Anastasie alivichukua vile vidonge, akamwelekeza Emérance mlangoni.

"Asante, dada," alisema. "Usirudi tena hapa."