Kifaa cha Joto, Kimoja

Asubuhi ile Sista Kengele alijaza fomu ya kizuizini mara tatu, na mara zote tatu ikarudishwa. Jina la Kengele alipewa na akina mama wa wodi ya watoto wachanga kwa sababu ya sauti yake, maana akimkemea mtu aliyeingia na viatu vichafu husikika mpaka jikoni. Siku hiyo sauti haikumsaidia kitu. Vita ilikuwa imeukata mji vipande viwili, na daktari wa upasuaji wa watoto alikuwa kipande cha pili, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, enzi zile gari lilipokuwa likienda linakotaka.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa binti wa siku tatu, kilo moja na nusu, wodi nzima ikimwita Chembe. Utumbo wake ulikuwa umeziba. Alikuwa anatapika kijani, tumbo limevimba mpaka ngozi inang'aa, na tangu azaliwe hajapata choo. Hakuhitaji muujiza. Alihitaji daktari mwenye kisu kidogo na mkono mtulivu, na alimhitaji siku hiyo hiyo. Daktari huyo yupo, tena alikwishatuma ujumbe kwamba chumba kiko tayari, mleteni. Hapo ndipo Sista alipochemka damu. Ingekuwa tiba haipo duniani angelia akanyamaza, lakini tiba ilikuwepo, na paa la ile hospitali ukipanda ghorofani unaliona kwa macho yako.

Kizuizi kilikuwa mwisho wa barabara ya hospitali, hatua mia mbili kutoka getini: magunia ya mchanga, bomba la chuma lililolazwa njiani, na meza ya shule chini ya turubai. Mezani alikaa mwanajeshi ambaye watu walimwita Bwana Utaratibu. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alizipanga fomu zake kwa rula, akaupuliza muhuri kabla ya kuugonga, na kuwanyima watu njia kwa sauti ya upole kabisa. Sista alimchukia kuliko wale wanaofoka. Anayekufokea walau amekuona.

"Dada yangu," alisema ile mara ya tatu, "soma mwenyewe. Anayevuka ni mgonjwa na dereva, pamoja na vifaa vya tiba. Wasindikizaji hapana. Wiki iliyopita walivuka wanne, hawakurudi."

"Mama yake si msindikizaji. Ni mama yake."

"Hakuna kisanduku cha mama."

Na kweli hakikuwepo. Sista aliipindua karatasi mbele na nyuma. Kilikuwepo kisanduku cha namba ya gari, cha rangi ya gari, hata cha aina ya mafuta. Yaani watu wazima na akili zao waliketi mahali, wakaletewa chai, wakaandika karatasi ya kuvusha wagonjwa vitani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wako wagonjwa wasioweza hata kukaza shingo. Au walikumbuka wakaona si neno. Sista hakujua lipi baya zaidi.

Akarudi wodini anahema. Mama mtoto alikuwa ameketi kitandani, Chembe amefungwa kifuani pake ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, mpira mwembamba puani ukitoa uchafu wa tumboni. Mashine ya joto ya wodi ilikuwa moja tu, haina betri, ukiichomoa ukutani inapoa kama chungu kilichoepuliwa, na tayari ndani yake walilala wawili. Kwa hiyo joto la Chembe lilikuwa mama yake. Siku ya kwanza mama alimweka kando anyooshe mgongo, dakika kumi tu, mtoto akawa baridi vidole na midomo. Hakurudia. Hata chooni alikwenda naye.

"Wamekataa?" akauliza.

"Wamekukataa wewe. Yeye na dereva ruksa."

"Sasa nani atambeba?"

Dereva wa gari la wagonjwa, mzee waliyemwita Babu Breki kwa jinsi alivyoendesha, alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nina mikono miwili tu, mjukuu wangu, na yote iko kwenye usukani," akasema. "Labda tumfunge juu ya hiki kitambi."

Mama mtoto alicheka, kisha akalia, yote kwa pumzi moja. Alikuwa mshonaji, miaka ishirini na miwili, na huyu ndiye mwanawe wa kwanza. "Sista, tukimlaza kwenye boksi na chupa za maji moto?"

"Wakilisimamisha gari kwa saa tatu pale, chupa zitakuwa barafu."

Sista akamgeukia mama mtoto. Akaona namna alivyoketi kifua mbele ili mtoto apumue vizuri. Kisha akavuta fomu ya nne. Penye vifaa vya tiba akaandika: dripu, moja, mpira wa tumbo, mmoja, kifaa cha joto, kimoja. Penye matumizi ya umeme akaandika hakitumii. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira.

"Unisamehe, mdogo wangu," akasema. "Nimekuandika kifaa."

Mama mtoto aliisoma ile karatasi mpaka mwisho. "Hata ungeandika ndoo," akasema. "Ili mradi nipite."

Pale kizuizini Bwana Utaratibu alishuka na rula yake mstari kwa mstari, na kwenye wa tatu rula ikasimama. "Kifaa cha joto ndiyo kipi?"

Sista akamwonyesha kwa kidole mama mtoto aliyesimama nyuma yake.

"Dada, huyu ni mtu."

"Mtu hana kisanduku, umesema mwenyewe. Mtoe huyu kifuani hapa, anapoa. Akipoa anakufa. Kitu cha namna hiyo sisi wodini tunakiita kifaa. Kama ninyi mna jina lingine, nipe nilijaze."

Bwana Utaratibu aliiondoa rula. Akafunua ukurasa wa pili, akajaza mwenyewe penye tarehe ya kurejesha kifaa: leo, saa kumi na moja jioni. "Weka sahihi, wewe ndiye mdhamini. Kisiporudi, utakuja kuhojiwa." Alilisema kwa upole uleule. Mjini hapo watu walikuwa wanakwenda kuhojiwa na nguo walizovaa, na ndugu zao wangali wakiwasubiri. Sista akaweka sahihi. Alipokuwa anamfungia mama mtoto mlango wa gari, alimwinamia sikioni akamwambia asirudi, hayo mengine amwachie yeye.

Siku ikaenda. Wodi ilikuwa na wachanga wengine sita na muuguzi ni yeye peke yake na mhudumu mmoja, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kuogopa vizuri. Saa nane ukaja ujumbe wa daktari: utumbo umefunguka, mtoto anapumua mwenyewe. Akina mama wakakumbatiana. Sista akajifungia stoo akalia, akanawa uso, akamwandikia mhudumu nani apewe dawa gani na saa ngapi kwa siku tatu zijazo, akavaa viatu vyake vizito. Saa kumi na moja kasoro akaenda mwenyewe kizuizini, maana hakutaka waje kumchukua mbele ya watoto.

Gari la Babu Breki lilikuwa linaingia. Mlango ukafunguka, akashuka mama mtoto, kifua kitupu, gauni limelowa maziwa mbele pande mbili.

"Nilikwambia usirudi." Sista akanong'ona.

"Ulisaini wewe. Nilisikia alivyokwambia," mama mtoto akasema. "Una sita mle ndani, Sista. Mimi ninaye mmoja."

"Umemwacha na nani?"

"Kwenye mashine. Wamo watatu. Daktari kasema kesho aanze maziwa yangu, tone tone, na jeraha likikauka nimrudishe kifuani. Nikamwitikia sawa. Nikatokea mlango wa nyuma, angenizuia."

Bwana Utaratibu alitazama saa, akaridhika. "Kifaa kimerejeshwa kwa wakati," akasema, akamsogezea Sista karatasi. "Weka sahihi kwamba umekipokea kizima."

Sista aliipokea kalamu. Alitamani kumchoma nayo, na simsingizii. Lakini macho yake yaliangukia mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo: sehemu zilizopungua, kama zipo. Akaandika: mtoto mmoja.

"Hii nini?"

"Kilitoka hapa kimefungwa pamoja na mtoto. Kimerudi bila yeye. Na kinavuja, hebu tazama hiyo nguo. Sipokei."

"Futa, dada."

"Sifuti. Unataka niandike uongo kwenye karatasi yenu? Nieleze, kifaa kikirudi kimepungua, utaratibu unasemaje?"

Bwana Utaratibu hakuwa na haja ya kusoma, aliujua kwa moyo. "Kirudishwe kilikopungukia," akasema polepole, "kikakamilishwe."

Askari mwingine, mwenye kazi ya kuinua lile bomba la njiani, alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Bwana Utaratibu angeweza kuichana ile karatasi na hakuna ambaye angemuuliza. Sista alilijua hilo. Yule bwana alilitazama gauni lililolowa, akageuza uso haraka, akainyoosha karatasi kwa rula. Kisha akaupuliza muhuri, akagonga.

"Muda?" akauliza.

"Mpaka kikamilike."

Akaandika hivyo hivyo. Bomba likainuliwa, na mama mtoto akapanda tena lile gari, akakaa nyuma mahali pa vifaa, kwa sababu mbele ni mahali pa watu. Gari likaondoka.

"Umeona, dada?" akasema Bwana Utaratibu, akirudisha kifuniko cha kalamu. "Ukifuata utaratibu, mambo yanakwenda."

Sista Kengele alikuwa na maneno. Alikuwa nayo tangu asubuhi, mengi, yamempanda mpaka kwenye meno, na sauti ya kuyatoa alikuwa nayo. Lakini gari lilikuwa bado linaonekana, na bomba lilikuwa bado mkononi mwa mtu.

"Asante, bwana," akasema.