Mume wa Kuazima

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Siku aliyomwona Kadogo akishindwa kutunga uzi kwenye sindano kwa kuwa macho yake yalikuwa yakiona vimulimuli, alifunga mashine na kumshika mkono. Mtoto huyo wa kaka yake alikuwa na miaka kumi na sita na mimba ya miezi saba. Miguu ilimvimba hata kandambili zikamkataa.

"Kliniki si ulikwenda juzi?"

"Nilikwenda, shangazi. Na wiki jana pia. Wanasema wenye waume kwanza. Zamu yetu ikikaribia, wanafunga."

Shangazi alidhani mtoto anatia chumvi. Walipofika, akajionea mwenyewe. Muuguzi alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Waliokuja na waume, mbele! Wengine mwisho wa benchi." Huko mwisho walijikunyata wasichana wadogo, mmoja bado na sketi ya shule, wameinamisha vichwa kama wanaosubiri viboko. Eti utaratibu huo uliwekwa ili wanaume wapende kusindikiza wake zao. Wazo zuri, bila shaka, kwa mwenye mume.

Shangazi akaanza kwa upole. "Dada, huyu kichwa kinampasuka. Mpime presha tu."

"Mama, utaratibu ni utaratibu. Baba wa mtoto yuko wapi?"

Baba wa mtoto alitokomea siku ile ile aliyoambiwa, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta. Damu ilimchemka Shangazi. Akatoka hadi getini, kwa fundi viatu, mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, naomba uwe mume kwa muda kidogo."

Mzee akacheka. Kisha akamwona Kadogo ameegemea nguzo, akaacha kucheka. Akainuka na kiatu cha mteja mkononi.

Hapo ndipo Shangazi alipochoka kabisa. Muuguzi alimtazama babu yule, akamtazama mtoto yule, wala hakupepesa jicho. "Karibu, mzee! Wanaume kama wewe ni wachache. Kina mama, mpigieni makofi!" Wakapiga. Yaani msichana akija peke yake ni aibu, akija na kikongwe ni familia ya mfano! Ndani, kiti alipewa mzee, na mzee ndiye aliyeulizwa mkewe anajisikiaje.

"Muulize mwenyewe," fundi viatu akajibu. "Mdomo anao."

Kipimo cha presha kilipofungwa mkononi, tabasamu la muuguzi likayeyuka. Akapima tena. Akaagiza gari la wagonjwa huku akifoka: "Mbona mmechelewa hivi? Mnataka afe na mtoto wake tumboni?"

Shangazi akalipuka. "Sisi? Juzi alikuwa hapa! Wiki jana alikuwa hapa, na miguu hii hii, na kichwa hiki hiki! Kilichokosekana ni suruali ya kukaa kando yake!"

Muuguzi alijishughulisha na sindano.

Gari lilipoondoka, Kadogo alikuwa amelala, mkono wake ndani ya mkono wa Shangazi, mtoto bado akicheza tumboni. Shangazi akachungulia dirishani. Fundi viatu alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, na mbele yake alisimama yule msichana wa sketi ya shule, akimwomba jambo kwa sauti ndogo. Mzee akaweka kiatu chini, akainuka tena.