Jina Asilolitaja Urmila

Miezi mitatu mizima nilimfundisha Urmila serikali. Kila alasiri wateja wakipungua alitoka dukani kwake kwenye viungo, akaingia kwangu kwenye vitenge, akakaa juu ya robota nami nikamhoji. Mihimili ya dola ni mingapi? Nani anamteua Waziri Mkuu, na nani anamthibitisha? Mimi Candida, mzaliwa wa Kibosho, Mtanzania tangu tumboni, nikagundua kwa aibu kwamba mtihani huo ningefeli.

Urmila hakuwa na mchezo. Ana miaka thelathini na moja hapa Kariakoo tangu aletwe bibi harusi kutoka Gujarat, India, lakini kibali chake cha kuishi nchini kinategemea jina la mumewe, ambaye ni raia. Na mume mwenyewe moyo umechoka. Daktari alishatuambia tusihesabu mwaka. Mzee akiondoka kabla uraia haujatoka, Urmila ataanza kuulizwa yuko hapa kwa kibali cha nani, na huko Gujarat hana tena wa kumfungulia mlango.

Siku ya usaili nilienda naye Uhamiaji kama mdhamini wake. Mzee tulimwacha ghorofani, juu ya duka, amelala.

Afisa alikuwa kijana aitwaye Steven. Alitupa shikamoo zetu vizuri, akanionya kwamba mdhamini haongei mpaka aulizwe, kisha akaanza. Urmila alimjibu bila kukwama. Mihimili ni mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Waziri Mkuu anateuliwa na Rais, anathibitishwa na Bunge. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais. Alipoulizwa nani anashika nchi Rais akifariki, alisema kwanza Mungu apishe mbali, ndipo akasema Makamu wa Rais. Steven akacheka kidogo. Mimi moyoni nilishaanza kupanga nani tutawaalika.

"Sasa mama, mumeo anaitwa nani?"

 Urmila akavuta upindo wa sari mpaka kwenye paji la uso.

"Baba Bhavin," alisema hatimaye.

"Jina lake mwenyewe, mama."

 Miezi mitatu tumehangaika na Bunge, na swali hili halikunijia hata mara moja, wakati mwiko wenyewe naujua fika. Kwao, wanawake wa rika lake, mke hatamki jina la mume. Urmila anaamini kulitamka ni kumpunguzia siku za kuishi. Mtaani huwa tunamtania sana kwa hilo. Lakini mzee huyu siku za kupunguzwa alikuwa nazo wapi?

Nikasahau onyo, nikaeleza. Steven alinisikiliza kwa adabu, ila hakulegea. Alisema wiki iliyopita tu alikuja mwanamke aliyeolewa kwa makaratasi, naye hakujua mume anaitwa nani. Urmila akaomba nimtajie mimi. Steven akasema hilo litakuwa jibu la mdhamini. Akaomba basi aliandike mwenyewe; akaambiwa usaili ni wa mdomo. Nilimchukia kijana yule. Nilijua pia kwamba hajakosea, na ndicho kilichoniuma zaidi.

"Serikali nzima umenitajia," alisema Steven. "Hapa pakibaki wazi, faili haliendi popote."

Akasubiri.  Akachukua kalamu, akaanza kuandika kitu pale kwenye nafasi tupu.

"Ashok," alisema Urmila.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini tulimsikia wote. Hapo hapo akasimama, akanishika mkono kwa nguvu.

"Candida, mpigie."

Steven alimwambia bado hajatia sahihi. Hakumsikia. Nilipiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Urmila amefumba macho, midomo inaenda kwa maombi ya kwao. Mimi ni Mkatoliki, mambo hayo siyaamini, lakini nilimwambia Mungu wangu kwamba asithubutu. Hata Steven aliweka kalamu chini.

Mara ya tatu ikapokelewa. Mzee alikuja juu: alikuwa bafuni, nani huyu anapiga kama anadai, na kwa nini jikoni hakuna chumvi.

Nilimkabidhi Urmila simu. Akamweleza kwa lugha yao chumvi ilipo, taratibu, kama siku nyingine yoyote. Kisha akaketi sakafuni, akalia kwa sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Steven alizunguka meza na karatasi yake ya kusaini, akachuchumaa karibu naye, akangoja.