Nyasi za Kitalu cha Akiba

Watu walimwita Mama Lango, na jina lenyewe hakulichukia, maana alilipata kwa jasho. Shamba la malisho waliloachiwa na baba, yeye na mdogo wake wa kiume, alilikata vitalu kwa seng'enge, kila kitalu na lango lake. Ng'ombe walikula kitalu kimoja kidogo, wakahamishwa kabla hawajafika kwenye mizizi, na kile walichotoka kikafungwa kipumzike. Lango lililofungwa lilivishwa kitambaa chekundu. Sheria ilikuwa moja, ya tangu enzi za baba: aliyefunga lango ndiye anayelifungua. Marehemu mume wake aliwahi kujaribu bahati yake mara moja, akalala na njaa.

Kitalu cha bondeni hakikuguswa kabisa mpaka kiangazi kikaze. Hicho ndicho kilichoitwa akiba. Majirani walimcheka mvua zikinyesha, eti mwanamke ana majani yanamfika kiunoni na bado anawanyima ng'ombe. Kiangazi kikiingia, hao hao walikuja na magunia mikononi na maneno matamu mdomoni.

Yeye na mdogo wake waliishi uwanja mmoja, nyumba mbili. Huyo mdogo jina lake lilikuwa Mipango. Mtu huyo hakukosa mpango hata usingizini. Alikuwa na mpango wa kware, ukafa pamoja na kware. Alikuwa na mpango wa matofali, mvua ikaugeuza matope. Kila mpango ulianza kwake na kuishia mfukoni mwa dada.

Sasa, seng'enge ilikuwa imeliwa na kutu, na kwa kukosa bomba ng'ombe walikuwa wakishuka kunywa kijitoni na kuzibomoa kingo kwa kwato. Redio ikatangaza kwamba kuna mfuko unaosaidia wakulima na wafugaji wanaojaribu njia mpya za kutunza udongo na maji huku wakiendelea na kazi zao. Mama Lango alijiona ametajwa kwa jina. Akampigia simu afisa wa mfuko, na afisa akaja.

Alikuwa kijana wa watu, mpole. Walishuka mpaka kwenye akiba, nyasi zikamfika magotini kisha mapajani. Akainama, akachimba kwa kidole, akanusa udongo. Alisifu mpaka mwenye shamba akaona haya. Kisha akajikohoza na kueleza kwamba kwa bahati mbaya fedha za mfuko ni za wanaoanza, wenye ardhi iliyochoka wanaotaka kuirudisha. Hapa kazi ilikwisha fanyika.

"Kwa hiyo ningeharibu ningesaidiwa?" Mama Lango aliuliza.

Afisa akatazama viatu vyake, akasema kanuni hakuziandika yeye.

"Basi mwambie aliyeziandika aje hapa aziombe msamaha nyasi zangu."

Hakuishia hapo. Alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba mtoto mtukutu akizawadiwa na mtulivu akanyimwa, nyumba nzima itageuka ya watukutu. Alimwambia mengine pia, ambayo hayafai kurudiwa mbele za watu. Kijana aliyasikiliza yote, akaaga kwa adabu na kuondoka.

Jioni, mezani, bado alikuwa anachemka. Akasema kwa uchungu, "Labda tuwafungulie ng'ombe walambe mpaka vumbi, ndipo watatuona watu." Mipango akaacha kutafuna. Hilo dada yake angelitilia maanani siku nyingine yoyote, maana Mipango akiacha kutafuna ujue kuna kitu kinaiva kichwani. Lakini hasira ilimziba macho.

Haukupita muda, binti yake aliyeolewa mjini akajifungua. Mama Lango akafunga mzigo, akaenda kumsaidia kulea. Alikaa mpaka mzazi alipopata nguvu na mtoto akaanza kushika kidole cha bibi yake. Akarudi na furaha tele na picha za mjukuu za kuwaonyesha majirani.

Furaha iliishia uani. Ng'ombe walikuwa wamelala wakicheua, matumbo yamejaa, saa ambayo walipaswa kuwa malishoni. Hakuuliza mtu. Aliweka mkoba chini, akashuka bondeni na viatu vyake vya safari.

Lango lilikuwa wazi. Kitambaa chekundu kilikuwa chini, kimekanyagwa, kimechanganyika na samadi. Ndani hapakuwa na kitu. Si kwamba nyasi zilikuwa zimepungua; hazikuwepo. Kwato za mbuzi zilionekana kila mahali, na wao hawakufuga mbuzi. Mwizi wa majani alikuwa amealika na majirani. Upepo ulipopita, udongo ule alioutunza miaka yote uliinuka na kumwingia puani.

Alipanda kilima kama mtu wa miaka ishirini. Mipango alikuwa ameketi nje kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

"Nani amefungua lango langu?"

"Dada, karibu nyumbani. Mjukuu hajambo?"

"Nimekuuliza nani amefungua lango langu."

Mipango alisimama. Hakuonekana mwenye hatia, na hilo ndilo lililomtia dada yake wazimu. Uso ulikuwa unang'aa. "Dada, wamesema hawatoi kwa shamba zuri," alisema. "Nimewapa baya."

Akaongeza kwamba ameshampigia simu afisa kumwomba aje aone tena, na afisa amekubali kwa furaha. Akaongeza kwamba wazo halikuwa lake, dada mwenyewe ndiye aliyelisema mezani.

"Nililisema kwa hasira!"

"Hasira zako ndizo huwa zinasema kweli."

Mama Lango aliangaza kushoto na kulia akitafuta kitu cha kumpigia, akakosa, na huenda ilikuwa heri. Badala yake alimpiga kwa maneno. Alianza na kware, akaja kwenye matofali, akafika kwenye nyasi, na hakuruka kituo. Alimwambia kwamba ile akiba ndiyo kiangazi chote, ndiyo maziwa, ndiyo ng'ombe kusimama kwa miguu yao. Kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo alimpakulia chakula, akakiweka kwenye kibaraza chake na kugeuka bila neno.

Asubuhi ya ugeni Mipango alioga, akavaa shati la pasi, akaja kusimama mlangoni kwa dada. Alimsihi anyamaze tu. Asiseme uongo, anyamaze. Wageni wataona vumbi, watatoa fedha, chakula cha ng'ombe kitanunuliwa, na maisha yataendelea. Nyasi zimeshaliwa, dada, kelele haziwezi kuzirudisha.

Mama Lango alichukua ufagio, akaanza kufagia uani. Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba alilipima lile neno na kuliona lina uzito. Yeye, mwenye sheria ya lango, alikuwa anafikiria kunyamaza. Alijichukia kwa hilo, akamchukia mdogo wake mara mbili.

Gari lilipofika, afisa hakuwa peke yake. Alishuka na mama mmoja wa makamo, kavaa buti za shambani zilizochakaa, akamtambulisha kuwa ndiye mkuu wa mfuko. Kijana alikuwa anatabasamu mpaka magego.

"Mama, yale maneno yako niliyafikisha yote," alisema. "Hata yale makali."

Mkuu akacheka. Alieleza kwamba waliyajadili ofisini mpaka wakagombana, na mwisho kanuni ikabadilishwa. Kuanzia sasa, waliotunza ardhi yao watasaidiwa kuendelea, uzio na maji, na wameamua kuanza na shamba hili. Kilichobaki ni yeye kuziona nyasi kwa macho yake na kutia sahihi.

"Kanuni niliziandika mimi," alisema. "Kwa hiyo nimekuja mwenyewe. Nasikia kuna nyasi natakiwa kuziomba msamaha."

Mipango alikohoa. Alisema jua ni kali, wageni wapumzike kwanza, wanywe maji. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Lango alikuwa ameshatangulia, anateremka bondeni, mgongo umenyooka, na wageni wakimfuata wakizungumza kwa furaha. Kadiri walivyoshuka ndivyo mazungumzo yalivyopungua.

Akafungua lango. Mkuu wa mfuko akaingia, akasimama katikati ya vumbi, akageuka huku na huku.

"Ziko wapi?"

Mipango alianza kusema jambo kuhusu wezi wa malisho. Dada yake akamkata jicho.

"Zimeliwa," alisema Mama Lango. "Tumezilisha wenyewe, tumeleta na mbuzi wa jirani, ili mtupe hela. Lango alilifungua huyu. Lakini nyie ndio mliomwonyesha njia."

Mkuu hakubisha. Aliinama, akachota vumbi, likapita katikati ya vidole vyake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kutia sahihi kwa nyasi ambazo hazipo, wala kwa uharibifu wa makusudi. Zikirudi, wamwite. Afisa kijana alitembea nyuma yao mpaka kwenye gari akifuta macho na kusingizia vumbi.

Gari lilipotoweka, Mama Lango alirudi bondeni na kile kitambaa chekundu, alichokuwa amekifua. Akakifunga kwenye lango la kitalu kisicho na kitu. Mipango alikuwa amesimama nyuma yake. Huko juu ng'ombe walikuwa wameanza kulia, maana ilikuwa saa yao ya kuhamishwa, na kwa kiangazi kile vitalu vingine vilikuwa vimeliwa zamani, havijaota tena.

"Watakula nini kesho?" dada aliuliza bila kugeuka.

Mipango alichora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Nakuuliza wewe. Una mpango gani?"

Akageuka kumtazama. Maisha yake yote hakuwahi kutaka kusikia mpango wa mtu huyu, na sasa alisimama akiungoja kwa moyo wake wote, uwe wa kware, uwe wa matofali, wowote. Mipango alifungua mdomo. Akatazama vumbi, akatazama kitambaa, akaufunga.