Shule Zilizokuja Kuposa kwa Bi Odessa

Ijumaa ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi, Bi Odessa Pettway alikuwa barazani akigaragaza vipande vya kambare kwenye unga wa mahindi, shule ya kwanza ilipokunja kona na kuingia mtaani kwao, kaskazini mwa Milwaukee. Ilikuwa ya matofali meupe, na ilitembea kwa adabu isije ikavunja lami. Nyuma yake zilifuatana nyingine mbili.

Mtaa mzima ulikuwa umeitarajia siku hiyo. Jana yake vocha ilikuwa imefika kwa posta: jimbo lingemlipia mjukuu wake karo katika shule yoyote. Juu ya bahasha iliandikwa, MZAZI ACHAGUE.

"Hao wamekuja kuposa," alisema jirani yake Mzee Cleophus, mstaafu wa kiwanda cha bia, kutoka ng'ambo ya ua. "Vaa viatu, Bi Odessa."

"Wamekuja na nini?"

"Vipeperushi."

Marvelle, mjukuu mwenyewe, mwenye miaka saba, alitoka ndani katika kiti chake cha magurudumu, riboni za njano zikizunguka kwenye spoki. Alikuwa na swali moja tu. Bomba la kunywea maji la shuleni, mjini kwao, huitwa kibubujiko, na anayeliita vinginevyo hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

"Kibubujiko chenu kiko wapi?"

"Juu," ilijibu ile nyeupe, "ukishapanda ngazi kumi na nne."

"Una maana bomba, mwanangu?" iliuliza ya pili, na Mzee Cleophus akacheka hadi akapaliwa.

Ya tatu iliyatazama magurudumu kwa madirisha yake yote, ikakohoa. Ikasema wangepigiwa simu.

"Si imeandikwa mzazi achague?" aliuliza Bi Odessa.

"Achague, mama, achague," ilisema ile ya tatu ikirudi kinyumenyume. "Na sisi tunachagua."

Zikaondoka zote tatu. Bi Odessa aliumia sana, asimwonyeshe mtoto. Aligaragaza kipande kimoja cha samaki mara nne.

Saa sita ndipo ilipofika shule kongwe ya serikali ya mtaa wa pili, ile aliyosoma yeye mwenyewe, ikihema. Ilikuwa imelazimika kuiacha maktaba yake njiani. Kila mtoto aliyehama na vocha aliipunguzia nguvu, na sasa haikuweza kubeba vyote.

"Uniwie radhi, Odessa," ilisema. "Magoti haya."

"Umechelewa kama kawaida yako. Mjukuu wangu ana swali."

Shule haikungoja swali. Ilipiga magoti taratibu, mabomba yakilia, hadi sakafu yake ikawa sawasawa na baraza na mlango ukatazamana na mlango. Kibubujiko kikasimama mbele ya kidevu cha Marvelle. Alikibonyeza, maji yakamwingia puani, akacheka kicheko ambacho bibi yake hakuwa amekisikia tangu majira ya baridi. Bi Odessa alifurahi waziwazi, machozi yakamtoka, akawakaangia samaki mtaa mzima. Mzee Cleophus alicheza na mwalimu wa muziki wa shule hiyo mpaka mikanda ya suruali ikamfunguka mabegani.

Shule ilibaki palepale mwaka mzima. Manispaa iliibandika karatasi za faini ya maegesho mlangoni, na walimu wakazigeuza upande wa pili wakachorea watoto ramani. Maktaba haikurudi.

Agosti iliyofuata ililetwa bahasha nyingine, MZAZI ACHAGUE, na zile tatu zikakunja kona tena na vipeperushi vipya. Zilipoona riboni za njano, zilinyoosha ngazi zao vizuri na kupita bila kusimama.

Marvelle alizipungia mkono kutoka dirisha la darasa lake, akazihesabia ngazi za shule zote tatu kwa sauti, jumla arobaini na tatu, bila kukosea hata moja. Hesabu alikuwa amefundishwa vizuri.