Kiota Kilichoandikwa Kitupu

Alirudi chumbani kuchukua darubini, akatupa jicho kitandani: mtoto hayupo! Moyo ukampasuka.

"Mama! Mtoto yuko wapi?"

Mama mkwe akachungulia mlangoni. "Si huyo hapo, kajilaza bapa nyuma ya mto, rangi moja na shuka. We unatafuta mtoto aliyekaa."

Wakacheka. Kisha akakatiza kicheko. Kiota!

Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege wawindaji kwenye magenge ya mawe ya jangwa lile la nyanda za juu, ambako upepo hukata kama wembe na mti ni habari ya kusimuliwa. Bundi hukaa mashimoni, kozi kwenye nyufa, tai kwenye vibaraza vya mawe. Machimbo hayakulipua mwamba wowote kabla yeye hajajaza fomu: kinda yumo au hayumo. Kanuni ilikuwa kuangalia alfajiri, saa nzima, mpaka mzazi alete chakula. Lakini juma lililopita alifika saa sita, jua la utosini, akaangalia robo saa tu. Maziwa yalikuwa yamemlowesha blauzi, na masikioni ni kama alimsikia mwanawe, aliyemwacha nyumbani, akilia. Akaandika: Kitupu. Akatia saini.

Na saa sita, kwa joto lile, kinda wa tai hujilaza bapa, akawa jiwe kati ya mawe.

Mwamba ule ulikuwa unalipuliwa leo, saa nne.

"Mama, baki na huyu. Nakimbia!"

"Nenda. Akilia nitamwimbia, ingawa sauti yangu ndiyo humliza."

Alifika machimboni saa tatu na nusu, pumzi juu juu. Fundi wa baruti, mzee waliyemwita Masikio kwa kuwa moja lilishakufa kazini, alikuwa akikagua nyaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kuuaga mwamba?"

"Nimekosea, mzee. Huenda kinda yumo."

Masikio akamgeuzia sikio zima. "Huenda? Fomu inasema kitupu. Saini ya nani ile?"

"Yangu."

"Basi. Siwezi kusimamisha watu arobaini kwa huenda. Nionyeshe kinda kabla ya king'ora, nasimamisha. La sivyo, sina la kufanya."

Akalala kifudifudi juu ya kokoto, darubini machoni. Kiota kile pale, vijiti juu ya kibaraza, kimya. Chini yake mwamba ulikuwa na michirizi myeupe ya vinyesi, lakini ya jana au ya mwaka juzi? Katika ukame ule hakuna kinachooza. Juu kabisa tai jike alizunguka na nyama kuchani, asitue.

"Anaogopa mashine, mzee. Zizimeni, tafadhali!"

Masikio akanung'unika, akapiga mluzi. Ngurumo zikafa. Wafanyakazi wakasogea, wakaanza utani.

"Mama Viota, hukuja na yai mfukoni?"

"Mwacheni, labda atataga mwenyewe!"

Akaegemeza viwiko kwenye kokoto. Kiota kikatulia kwenye kioo cha darubini. Tai akashuka kidogo, akapanda tena. Zikabaki dakika nne. Masikio akainua darubini yake kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa tayari kwenye swichi ya king'ora.

Ndipo jiwe moja kiotani likasimama. Likarudi kinyumenyume hadi ukingoni, likainua kimkia, na mchirizi mweupe ukaruka ukashuka na mwamba.

Masikio akashusha darubini.

"Kiota kitupu," akasema polepole, "hakinyi."

Kicheko kikawapasuka wote. "Chomoeni nyaya!" Masikio akafoka, huku naye anacheka.

Yeye akaweka darubini kando. Akaketi palepale chini. Masikio akamletea fomu mpya na kalamu.

"Ofisini watauliza, binti. Kazi inaweza kukuponyoka."

"Najua, mzee."

Palikuwa na mstari wa Sababu. Angeweza kuandika vumbi. Angeweza kuandika lenzi mbovu. Akaandika: Nilikwenda saa sita badala ya alfajiri. Nilikuwa na haraka ya kumnyonyesha mwanangu. Kosa ni langu.

Akayasoma tena maneno hayo. Juu, tai jike alikunja mabawa, akatua na nyama yake.

Akaongeza mstari mmoja: Kinda yu hai. Kesho nitarudi alfajiri, na mtoto mgongoni.