Silinda Hedi Iliyopakwa Rangi

Katika kijiji cha Mbingu, Marsiana alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha pikapu yake mwenyewe. Yeye na mumewe Raimundi waliinunua ikiwa tayari imechakaa, lakini injini ilikuwa nzima, na kwa miaka mingi ilibeba mpunga wao na wa majirani hadi kwenye mashine za kukoboa Ifakara. Ilibeba na wagonjwa pia. Hakuna aliyelipanga jambo hilo; watu walikuja tu kumgongea mlango, naye akawasha gari.

Baada ya mavuno injini ilichemka, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Gari likavutwa kwa trekta hadi gereji ya Fridolin, Kibaoni. Fridolin akafungua, akatazama, akasema silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka, ni ya kutupa, inatakiwa mpya kutoka Dar es Salaam. Alipotaja bei, Marsiana alikaa chini juu ya tairi kuukuu. Ila kilichomuudhi hata kabla ya bei ni kwamba Fridolin alikuwa akimweleza Raimundi, ambaye hajui hata kubadilisha gia, huku yeye dereva akipewa mgongo.

Waliuza ng'ombe wao wa kulimia, wote wawili. Viktor, mdogo wake Raimundi, alikuwa na safari zake za Dar, akajitolea kwenda na hela kununua hicho kifaa. Aliporudi alisema amekipeleka moja kwa moja kwa fundi. Gari likatoka gereji likinguruma vizuri, na Marsiana akarudi barabarani.

Asubuhi moja Getrude, binti wa jirani, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Wakamlaza nyuma kwenye godoro, mama yake pembeni, wakaelekea hospitali ya Ifakara. Hawajafika Michenga, mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti, injini ikazima. Jua lilikuwa kali, na hapakuwa na gari lolote njiani. Mwishowe ikapita bodaboda. Wakampakia Getrude katikati, mama yake nyuma amemkumbatia, wakaondoka hivyo juu ya mashimo ya barabara ile. Marsiana alibaki amesimama akisikiliza kelele za yule binti mpaka zikapotea. Getrude alijifungua salama, lakini alijifungulia kwenye benchi la mapokezi, kabla hajafikishwa kitandani.

Safari hii gari halikurudishwa kwa Fridolin. Marsiana alilipeleka kwa Ngusa, fundi mwingine wa mjini. Ngusa alifungua hedi, akaifuta mafuta, akaikwangua kwa bisibisi. Rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake ukaonekana mstari wa kuchomelea, mrefu kama kidole.

"Hii si mpya, mama," alisema. "Ni ile ile yako."

Marsiana aliomba afungiwe hedi hiyo kwenye kiroba. Akapanda bodaboda hadi Kibaoni, ameipakata. Fridolin alikuwa anakunywa chai na wateja wake. Kwa umri wake alistahili shikamoo, na siku zote Marsiana alimwamkia; siku hiyo hakumwamkia. Aliweka kiroba mezani katikati ya vikombe, akakifungua.

"Nionyeshe upya wake uko wapi."

Fridolin akaanza kueleza kwamba magari ya zamani yana matatizo yake, na kwamba huenda Marsiana aliliendesha lake bila maji. Marsiana alimwacha amalize. Halafu akawageukia wateja, akawasimulia, kwa sauti ya kawaida tu, habari za ng'ombe na habari za Getrude. Mteja mmoja akaacha chai yake, akaenda kuchungulia gari lake lililokuwa limefunguliwa pale uani. Fridolin alipoona hivyo, uso ukambadilika.

"Kamuulize shemeji yako," alisema. "Mimi sikuletewa kifaa chochote. Aliniambia nichomelee hiyo hiyo, hela zilizobaki tukagawana."

Jioni Viktor aliitwa nyumbani. Hakukana. Alisema biashara ilikuwa imemkwamia na alikusudia kurudisha. Raimundi akamwomba mkewe jambo hilo liishie ndani.

"Mama Lukelo, huyu ni mdogo wangu. Tukimpeleka mbele za watu, aibu ni yetu sote."

"Aibu mimi nimeshaipata," Marsiana alijibu. "Binti wa watu amelia kwa uchungu ndani ya gari langu. Yenu ndiyo bado."

Kulipokucha alikwenda ofisi ya kijiji, akataka Viktor na Fridolin waitwe, na waliitwa. Viktor aliamriwa kuuza pikipiki yake ili alipe. Fridolin alileta sehemu yake kidogo kidogo, akinung'unika kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa, na nyingine hakuileta kabisa. Safari hii Marsiana alikwenda Dar mwenyewe, akachagua hedi mwenyewe, na Ngusa alipokuwa anaifunga alisimama pembeni hadi nati ya mwisho.

Gari likapona. Ng'ombe hawakurudi. Msimu uliofuata walilima kwa jembe la mkono, na kila tuta lilimpandisha Marsiana hasira upya. Raimundi alilima upande wake. Hakuwahi kusema kwamba mkewe alikosea, na hakuwahi kusema kwamba alifanya sawa.

Siku moja wakielekea Ifakara walimkuta Viktor kando ya barabara na magunia ya mpunga. Marsiana alisimama. Akamtajia nauli ile ile anayomtajia kila mtu, akamwambia apande nyuma na mizigo yake. Viktor alilipa, akapanda. Raimundi, aliyekuwa amekaa mbele, alifungua mlango, akashuka, akaenda kukaa nyuma na mdogo wake.

Marsiana aliwatazama kwenye kioo kwa hasira. Akangoja mpaka wote wawili wameshika vizuri, akaingiza gia, akaondoka.